Nukta Sita: Habari za Chama cha Vipofu cha Uingereza

Katika mji wa London alikuwako tabibu, jina lake Thomas Rhodes Armitage, aliyezaliwa mwaka 1824. Tangu ujana wake macho yalimsumbua, na alipokuwa na umri wa karibu miaka 36 ilimbidi kuacha kazi, kwani hakuweza tena kuwatazama wagonjwa vema. Alikuwa na mali ya kumtosha, naye angaliweza kukaa nyumbani na kutumikiwa. Hakufanya hivyo. Alianza kuzunguka katika mitaa ya maskini akiwazuru vipofu nyumbani mwao. Akaona ya kuwa wengi walikuwa hawana kazi wala chakula cha kutosha, na kwamba hawakupata neno la kitabu ila siku mtu alipokuja kuwasomea.

Si kwamba vitabu vya vipofu havikuwako. Vilikuwako vya namna nyingi, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Wengine walichapa herufi za kawaida, ila zimetuna juu ya karatasi ili zipapaswe kwa kidole. Wengine walibuni alama za mkato. William Moon wa Brighton, kipofu mwenyewe, alitoa mwaka 1845 herufi zake zilizorahisishwa, nazo ziliwafaa sana wazee waliopofuka ukubwani. Kila namna ilikuwa na wafuasi wake, na kila kundi lilichapa vitabu vyake na kudharau vya wenzao. Basi kipofu aliyefundishwa herufi za mji mmoja, akipewa kitabu cha mji wa pili, alikuwa kama mtu asiyejua kusoma kabisa. Fedha za wafadhili zilitumika kuchapa maneno yale yale kwa herufi hizi na hizi, na vitabu vingine havikuchapwa kamwe.

Armitage aliona kosa liko wapi. Wengi wa walioshindana walikuwa watu wenye macho, nao walichagua kwa macho. Mwanafunzi na ajaribu: achonge herufi kadha katika ubao, kisha afumbe macho na kuzipapasa upesi. Zile zilizokuwa dhahiri machoni zitamchanganya kidoleni.

Tarehe 16 Oktoba 1868 alikutana nyumbani kwake na rafiki zake wachache vipofu, wakaanzisha chama cha kusitawisha vitabu vya vipofu. Wakaweka sharti ambalo wengi waliliona la ajabu. Hakuna atakayekaa katika baraza la kuamua asipokuwa kipofu, au mwenye macho mabovu hata asome kwa kidole tu. Tena awe anajua namna tatu za herufi au zaidi, na asiwe na faida ya fedha katika namna yo yote. Hivyo matajiri na wakuu wa shule hawakupata nafasi barazani kwa cheo chao tu.

Kazi ya kupima ilichukua karibu miaka miwili. Mwaka 1870 walikata shauri: wakachagua nukta za Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni kwa chombo cha kazi cha baba yake, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Braille alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1852. Namna yake ni nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, na kwa kuacha hizi na kutuna zile hupatikana alama 63. Nukta moja ya juu kushoto ni A. Ukiongeza iliyo chini yake ni B. Alama nzima huenea chini ya ncha ya kidole, haina haja ya kufuatwa pembeni. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Kwa nukta hizi kipofu huweza kuandika. Huweka karatasi katika kibao chenye vijumba, akatoboa kwa kalamu ya chuma toka kulia kwenda kushoto, kisha akaigeuza na kusoma. Herufi nyingine zilimfanya awe msomaji. Hizi zilimpa barua, hesabu na muziki.

Ugomvi haukuisha siku ile. Shule nyingine zilishikilia herufi zao miaka mingi, na zile za Moon zingali zikitumika mpaka leo. Armitage hakuchoka. Mwaka 1872 alisaidiana na Francis Joseph Campbell, Mmarekani kipofu, kufungua chuo cha muziki huko Upper Norwood. (Huyu Campbell alipanda Mont Blanc mwaka 1880.) Armitage alifariki mwaka 1890.

Chama kiliendelea. Mwaka 1914 Mfalme George V alifungua nyumba yake mpya London, na mwaka 1935 kikaanza kutoa vitabu vya kusikilizwa katika sahani za santuri. Miongoni mwa watumishi wake alikuwamo John Wilson, aliyepofuka akiwa mtoto wa miaka 12, dawa zilipolipuka darasani. Mwaka 1946 alitumwa kuzuru nchi za Afrika. Aliporudi alisema ya kuwa vipofu wengi aliowakuta wangaliweza kuponywa au kukingwa, na mwaka 1950 kikaanzishwa chama cha pili kwa ajili yao, naye akawa mkuu wake.