Mfuko wa Dereva na Hati ya Mzigo

Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita Nyakahura, wilayani Biharamulo, kabla ya kufika mpakani Rusumo. Tuchukulie mwenye malori ambaye hubadilisha madereva hapo Nyakahura. Hati ya mzigo ikae wapi: mfukoni mwa dereva, au ifungwe pamoja na mzigo wenyewe? Swali hilihili huwakabili watunga programu za kompyuta.

1. Uzi na muktadha

Kompyuta ihudumiayo watu wengi kwa wakati mmoja huigawa kazi yake katika njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba. Kila njia huitwa uzi. Uzi ni dereva. Ombi la mtumiaji ni mzigo. Kila ombi lina habari zake: nani ameomba, ana ruhusa gani, jibu lingojwe kwa muda gani. Habari hizo huitwa muktadha.

2. Mfuko wa uzi

Kila uzi waweza kuwa na hifadhi yake isiyoonwa na nyuzi nyingine. Lugha ya Java imekuwa na hifadhi hiyo tangu 1998. Faida yake ni wepesi: sehemu yoyote ya programu huuchukua muktadha bila kukabidhiwa. Hasara ni mbili. Ombi likihamia uzi mwingine, muktadha hubaki nyuma. Tena, uzi hutumika mara nyingi. Mfuko usipokung'utwa, ombi la Asha laweza kutekelezwa kwa ruhusa ya Juma.

3. Kukabidhi waziwazi

Hapa muktadha hukabidhiwa kwa kila kazi pamoja na ombi. Ndiyo desturi ya lugha ya Go, ambayo iliingiza muktadha katika maktaba yake sanifu mwaka 2016. Ombi likibadilisha uzi, halipotezi kitu. Gharama yake ni kwamba hata kazi isiyouhitaji muktadha hulazimika kuupokea ili iupitishe mbele.

4. Mfano wa Eldoret

OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoasisiwa mwaka 2004, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Imeandikwa kwa Java, na muktadha wa mtumiaji hukaa katika mfuko wa uzi. Kwa hiyo kazi ikianzishwa katika uzi mpya, uzi huo haumjui mtumiaji yeyote. Watungaji walilazimika kuweka mtumiaji maalumu wa kuendesha kazi za namna hiyo. Aidha, ruhusa ya muda ikitolewa, sharti iondolewe hata kosa likitokea katikati. Kinacholindwa hapa ni siri ya mgonjwa.

Mwaka 2025 Java ilikamilisha njia ya kati: habari huwekwa kwa muda wa kazi moja tu, haibadilishwi, na huondoka yenyewe kazi ikiisha.

Kanuni ni hii: habari inayolihusu ombi isafiri na ombi. Mfuko wa uzi utumike pale tu ambapo ombi halihami, na ambapo kuusafisha kumehakikishwa.

Zoezi

Uzi A unahudumia ombi la daktari. Kosa linatokea kabla mfuko haujasafishwa, kisha uzi A unapewa ombi la karani. Eleza karani ataweza kuona nini katika njia ya kwanza, na kwa nini njia ya pili huizuia hatari hiyo.