Askari akidai bunduki ilifyatuka

*Ndugu yetu aliuawa kwa risasi. Askari anayeshtakiwa anadai ni bahati mbaya. Je, kesi imekufa? – Msomaji, Mgeta*

Poleni sana. Haijafa. Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu humwondolea mtu hatia kwa ajali halisi, lakini hakifuniki uzembe mkubwa. Hapo mauaji hushuka kuwa kuua bila kukusudia, nayo bado ni jinai. Askari aliyemuua mwandishi Daudi Mwangosi kijijini Nyololo mwaka 2012 alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mtasema polisi hulindana. Ndiyo maana jeraha, umbali na mashahidi vina uzito kuliko kauli ya askari anayeshtakiwa. Pelekeni majina ya mashahidi kwa waendesha mashtaka Morogoro. Mkitishwa, nendeni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.