Fuko, Kamongo na Roboti: Tatizo la Kuteua Istilahi za Uchimbaji

Roboti zinazojipenyeza ardhini kwa kuiga wanyama zimewashughulisha sana wahandisi katika miongo miwili iliyopita. Mwepesi wa kutafsiri ataziita zote "roboti fuko", kwa kuwa Kiingereza nacho hupenda kuzifananisha na mnyama huyo. Makala haya yanadai kwamba jina hilo linapotosha, na kwamba msingi bora wa istilahi hizi ni kitenzi, yaani namna mashine inavyochimba.

Chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilitua Mirihi mnamo Novemba 2018 kikiwa na kifaa cha Wajerumani cha kupimia joto la ndani ya sayari hiyo. Kifaa hicho kilipewa jina la fuko na kilikusudiwa kushuka hadi mita 5. Kilianza kazi Februari 2019. Kufikia Januari 2021, jitihada ziliposimamishwa, kilikuwa kimefunikwa na udongo kwa sentimita chache tu. Ndani yake mlikuwa na nyundo, na kila nyundo ilipopiga, kifaa kilihitaji kushikwa na udongo wa ubavuni kisirudi juu. Udongo wa mahali pale uliganda na kuacha nafasi pembeni, kifaa kikawa kinarukaruka pale pale. Kwa hakika hicho hakikuwa fuko bali msumari unaojigongomea wenyewe.

Fuko halisi hachimbi hivyo. Mfano mzuri ni fuko uchi, apatikanaye Kenya, Ethiopia na Somalia, ambaye Jennifer Jarvis alieleza mwaka wa 1981 kwamba huishi kwa mpango wa nyuki, chini ya malkia mmoja. Wa mbele huguguna udongo kwa meno, midomo ikiwa imefumbwa nyuma ya meno hayo ili mchanga usiingie kinywani. Wanaofuata huusukuma nyuma. Wa mwisho huurusha nje kwa miguu. Kitenzi kinachostahiki hapa ni *fukua*. Kinapolinganishwa na *fukia*, mzizi ni ule ule -fuk-, ila kiambishi cha kutendua -u- hubeba maana ya kuondoa kilichojaza. Roboti iliyoundwa na chuo cha KAIST, Korea Kusini, mwaka wa 2020 ilifuata mtindo huo: meno ya kukwangua mbele, na viungo vya kuondoa kifusi vilivyoigwa kutoka kwa fuko wa Ulaya. Hiyo ni roboti ya kufukua.

Mwanafunzi aliyelelewa Homa Bay anao mfano wa tatu karibu zaidi. Kamongo, ambaye wengine humwita kambare mamba, anapokaukiwa na maji huuma matope na kuyatoa kupitia matamvua, akashuka, akajikunja na kujifunika ute unaokauka kama ganda. Huyu *hujichimbia*: lengo lake ni kukaa, si kupita. Wahandisi wa MIT nao walimwiga kombe mwembamba wa Atlantiki, ambaye hubana magamba yake ghafla, maji yakavutwa hadi kwenye mchanga unaomzunguka, na mchanga ukawa kama uji. Yeye *hudidimia*. Njia ni nne, na vitenzi ni vinne, tena vyote vya kale.

Liko pia suala la ngeli. Fuko akiwa mnyama huchukua upatanisho wa A-WA. Mtu akisema "fuko lilikwama Mirihi", kwa kuwa mashine haina uhai, msomaji atadhani mfuko mkubwa umesahaulika huko. Akisema "fuko alikwama", ataulizia chakula chake. Hata "kifukuzi", ambalo lingeweza kupendekezwa, humkumbusha mtu kufukuza kabla ya kufukua. "Roboti ya kufukua" ni refu kidogo lakini halina utata.

Urefu huo si hasara kubwa. Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, Migori, kazi hufanywa kwa sururu na nguvu za mikono, na kuta za mashimo huweza kuporomoka. Ikitokea siku moja mashine ya aina hii ikaletwa kumfikia aliyefukiwa, wanaosimama juu ya shimo watahitaji kujua kama ni ya kugongomea, ambayo huitikisa ardhi iliyokwisha kulegea, au ya kufukua, ambayo huhitaji mahali pa kutolea kifusi.