Mtu Akivuka Ruvuma, Aanzie Wapi?

Mtu aliyekimbia vita na kuingia Tanzania ana siku saba za kujitokeza serikalini. Ndivyo inavyosema Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na si lazima afunge safari hadi Mtwara mjini. Mtendaji wa kijiji anatosha kupokea taarifa yake, au mlinzi wa amani, au ofisa aliyeidhinishwa aliye karibu. Huku kwetu, kuanzia Newala hadi Masasi, wengi hawalijui hilo. Mgeni anafikia kwa shangazi yake, anapewa jamvi na jembe, na miezi inapita. Siku ikipita operesheni ya kusaka wahamiaji haramu, mgeni na shangazi wote wamo mashakani, na mtu aliyekuwa na haki ya kuomba hifadhi anaonekana kama aliyejificha.

Udugu ndio unaotufanya tuzembee. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za Ruvuma, mto unaotutenganisha na Msumbiji, na wengi tumeoana. Mjomba akivuka mto usiku na watoto, hatumwoni kama mkimbizi, tunamwona mjomba. Mpokee, mpe chakula, alale. Kesho yake mpeleke kwa mtendaji.

Nasema hivyo kwa moyo wote kwa sababu Masasi yenyewe imejengwa na watu wa namna hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, nia ikiwa ni kuwarudisha makwao upande wa Ziwa Nyasa. Safari iliishia Masasi, wakajenga na kulima hapo. Mwaka 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, waliivamia misheni, watu wakatawanyika, na baadhi yao wakahamia Newala. Miongoni mwa watoto waliowahi kuuzwa utumwani wakalelewa Zanzibar alikuwa Cecil Majaliwa, aliyetumwa kufundisha Chitangali, huku huku kwetu, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA. Aliyeletwa bila kitu ndiye aliyekuja kuwasomesha wenyeji.

Kisha ikaja vita ya ukombozi ya Msumbiji. FRELIMO ilianza mapigano dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964, na maelfu ya watu wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakavuka mto. Wengi walipelekwa Rutamba, Lindi, wakapewa ardhi walime. Baada ya uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi. Wengine walibaki, na leo wajukuu wao wanapulizia mikorosho pamoja na sisi. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia, huko huko Cabo Delgado, watu wanakimbia tena.

Turudi kwa mtendaji. Mgeni aseme ukweli ule ule kila anapoulizwa: ametoka kijiji gani, nini kilitokea, nani ameachwa nyuma. Karatasi yoyote aliyonayo ina thamani, iwe kitambulisho cha Msumbiji, kadi ya mpiga kura, kadi ya kliniki ya mtoto, hata picha ya karatasi hizo iliyobaki kwenye simu. Jina ndilo linalosumbua kuliko yote. Mtu aliyeandikwa Joaquim kwao anaandikwa Joakimu hapa, mahali pengine Yohakimu, na miaka mitano baadaye anaambiwa hao ni watu watatu. Herufi zifuatwe kama zilivyo kwenye karatasi ya kwanza. Kama hajui Kiswahili, aombe mkalimani wa Kimakonde au Kireno, na asiweke dole gumba kwenye maelezo ambayo hajasomewa akayaelewa.

Maombi hupelekwa kwenye kamati ya taifa inayopendekeza nani atambuliwe kuwa mkimbizi. Akikubaliwa, kwa kawaida hupangiwa kambi au makazi maalumu, na kutoka humo kunahitaji kibali. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, upande mwingine kabisa wa nchi, na hilo linawatisha ndugu wengi. Kuna hofu nyingine pia, nayo haikuzuka hewani. Baada ya shambulio la Machi 2021 kwenye mji wa Palma, Cabo Delgado, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilisema hadharani kwamba maelfu ya watu walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano. Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951, unaokataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Kwa hiyo mwenyeji anayempeleka mgeni ofisini aingie naye, asimwache mlangoni. Aombe taarifa iandikwe kitabuni na ajue jina la aliyeipokea.

Mama mjamzito na mtoto mchanga wasisubiri karatasi. Wapelekwe zahanati, au Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, kama hali ni mbaya. Mtoto akizaliwa hapo, mama asitoke bila tangazo la kizazi, maana ndilo la kupeleka RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kupata cheti cha kuzaliwa. Cheti hakimpi mtoto uraia. Kinathibitisha alizaliwa wapi, lini na kwa nani, na bila hicho atahangaika kila mlango.

Kazi inahitaji uangalifu zaidi. Palizi ipo, kupulizia salfa kwenye mikorosho kupo, na kuokota korosho msimu ukifika kunataka mikono mingi. Lakini kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia. Mkimbizi aliyetambuliwa anaweza kuombewa kibali cha kazi kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Malipo yaandikwe mbele ya mashahidi wawili kabla ya jembe la kwanza, kwa sababu nimeona watu wakipalilia msimu mzima kisha wanaambiwa "wewe si mwenyeji, utanishtaki wapi?" Hiyo ni dhuluma. Na asiye na namba kwenye AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, ndiye windo la kwanza la kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa magendo.

Watu wakipewa ardhi na nafasi, wanazalisha. Warundi waliokuja mwaka 1972 na kuwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walifika katikati ya miaka ya 1980 wakijitegemea kwa chakula, na zaidi ya 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa mtu mmoja mmoja anayetaka uraia, Sheria ya Uraia ya 1995 inataka awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika kumi iliyotangulia hiyo, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Maombi hayo huanzia ofisi ya Uhamiaji.

Watoto wa umri wa shule waandikishwe mapema. Sheria ile ile ya Wakimbizi ya 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Mwalimu mkuu aelezwe mtoto alikuwa darasa la ngapi Msumbiji na aoneshwe madaftari yake kama yamesalimika, asije akarudishwa darasa la kwanza kwa sababu tu anahesabu kwa Kireno.