KLIPU MOJA, MAANA NGAPI?



Tangu masomo yalipofunguliwa kuna maneno mengi katika interna juu ya klipu za muziki tunazotazama siku ya posho jioni. Wengine wanaomba zikatazwe zote. Wengine wanasema: ni muziki tu, acheni watu wafurahi. Sasa komite imeniomba, mimi doyen wenu, nitengeneze liste ya klipu zinazokubaliwa na zile zinazokataliwa. Mbele ya kuandika hiyo liste, nataka tujifunze kitu kimoja: mutu anapotazama klipu, anaona nini kwa kweli, na anaongeza nini kutoka kichwa chake mwenyewe?

Mwaka 1973 mwalimu mumoja, Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyefundisha Birmingham, Uingereza, aliandika juu ya televizio. Mafundisho yake yanafaa hapa. Alionyesha kwamba mwenye kutengeneza picha anaweka maana ndani yake, lakini mwenye kutazama haipokei sawa vile mutu anapokea barua katika bahasha. Kuna wanaoipokea namna ilivyowekwa. Kuna wanaoikubali nusu, na nusu wanaigeuza kufuatana na maisha yao. Tena kuna wanaoelewa vizuri kabisa mwenye picha anataka nini, na wanakataa. Hawa wa mwisho si wajinga. Tusiwachanganye na wale ambao hawakuelewa.

Mufano wa zamani: Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka Desemba 1983. Ni ya karibu dakika 14, na ndani yake wafu wanatoka makaburini kucheza. Michael Jackson alilelewa katika dini ya Mashahidi wa Yehova, na mwanzoni aliweka andiko la kusema kwamba filimu hii si alama ya kukubali mambo ya pepo na uchawi. Munaona? Mwenye klipu mwenyewe aliogopa macho ya watu! Je, andiko lilitosha? Ionyesheni hapa kwetu: mumoja atacheka, mwingine atatoka nje. Na katika mwaka 2007 mamia ya wafungwa wa Cebu, katika inchi ya Ufilipino, waliicheza kwa mistari katika kiwanja cha gereza. Kwao ilikuwa mazoezi ya mwili, hadisi ya wafu haikuwa na kazi tena.

Lakini mufano ninaoupenda zaidi ni Jerusalema, ule wimbo wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika ya Kusini, uliotoka mwisho wa mwaka 2019. Maneno yake ni ya Kizulu, na ni maombi. Mwenye kuimba anaomba achungwe, asiachwe hapa, kwa kuwa makao yake hayako hapa. Basi, mwanzo wa 2020 vijana wa Angola, kundi la Fenómenos do Semba, walijipiga video wakiucheza huku wameshika sahani za chakula. Kisha Covid-19 ikafunga dunia. Wanganga katika hospitali, polisi, masista, mapadri, hata Ulaya, wote wakafuata zile hatua za Angola. Septemba 2020 Raisi Cyril Ramaphosa mwenyewe aliwaomba wananchi waucheze kwa sikukuu ya tarehe 24.

Wengi wao hawakujua hata neno moja la Kizulu. Walikosea? Katika dortwa yetu tulibishana karibu mpaka taa kuzimwa. Mumoja alisema ni wimbo wa ibada, watu wameuharibu. Mwingine alisema ni dansi, maneno hayana kazi. Mimi naona dansi haikutukana maombi. Watu waliofungiwa nyumbani waliweka ndani yake kitu walichohitaji: tuko wazima, tuko pamoja. Lakini yule anayesema "ni furaha tu" amesema juu ya dansi. Juu ya wimbo bado hajasema kitu, maana hakuusikiliza.

Mufano wa tatu ni wa inchi yetu. Tarehe 9 Novemba 2021, huko Kinshasa, komisio ya kuchunguza nyimbo ilikataza Nini Tosali Te ya kundi MPR. Jina hilo kwa Lingala ni kama kuuliza: ni nini hatujafanya? Wimbo unasema juu ya maisha magumu ya watu na wakubwa wa inchi. Makelele yalikuwa mengi, na muda mufupi baadaye ruhusa ilirudishwa. Angalieni hizo herufi tatu. Kwa vijana wale, MPR ni Musique Populaire de la Révolution. Kwa baba zetu ni chama cha Mobutu, chama kimoja tu cha wakati wa Zaire. Mutu wa miaka 18 anaona jina la kundi, mutu wa miaka 60 anaona maisha yake yote. Na wimbo uliokatazwa, nani hataki kuusikiliza?

Kwa hiyo liste peke yake siiamini sana. Lakini pia "ni klipu tu" sikubali hata kidogo. Kisha klipu moja ya mwezi uliopita, vijana fulani walimupa musichana wa mwaka wa tatu jina la yule anayecheza mule ndani. Sasa haji tena kwenye kwaya. Hapo maana ilitoka katika ekra ikaangukia mutu. Wale vijana hawakuiga muziki. Walichagua kuamini kwamba musichana anayecheza hana jina lake. Vilevile ile gari ya mwimbaji: inawezekana ni ya kukodi siku moja, lakini kuna wanaotaka kuacha shule na kukimbilia makarasa ya zahabu kwa sababu yake.

Siku ya posho inayokuja, kama esansi ya grupu inapatikana, tutafanya hivi. Tutatazama Jerusalema bila sauti, kila mutu aandike anachoona. Kisha tutasikiliza bila picha. Kisha mwalimu wa Kifaransa atatusomea tafsiri ya maneno, na tutabishana. Baada yake tutafanya vilevile na ile klipu ya mwezi uliopita, na wasichana watasema wa kwanza. Kila darasa lilete watu wawili, musichana na kijana, wenye kalamu na karatasi. Liste nitaipeleka kwa komite siku ya kwanza asubuhi.