CHUMVI, SUKARI NA KIPIMO: KEMIA YA MAJI YA MTOTO ANAYEHARISHA



Karibu kila familia ya parokia imewahi kusikia juu ya maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Wengi tunajua kuyatengeneza, au tunadhani tunajua. Lakini tukiulizwa kwa nini chumvi iwe nusu kijiko na si kijiko kizima, au sukari ni ya nini wakati mtoto hakuomba utamu, tunajibu kwamba ndivyo alivyosema nesi. Jibu hilo si baya, ila mtu asiyejua sababu ya kipimo hukiacha upesi, na kipimo kikiachwa, maji yaliyokusudiwa kumwokoa mtoto yaweza kumdhuru. Mwezi huu basi turudi kidogo darasani.

Chumvi na sukari majini

Ukikoroga sukari katika kikombe na chumvi katika kingine, vyote viwili hupotea machoni. Kumbe hazikufanya jambo moja. Sukari ya mezani imefanyika kwa molekuli, yaani mafungu ya atomi zilizoshikamana. Majini molekuli hizo hutawanyika, lakini kila moja hubaki nzima. Chumvi imefanyika kwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi. Zikiingia majini huachana, kila moja ikaenda zake. Ndiyo maana maji ya chumvi hupitisha umeme na ya sukari hayapitishi. Watoto wa sekondari huliona hilo maabara. Kwa hiyo kila kipande cha chumvi huhesabiwa mara mbili kikiwa majini. Tulishike hilo, tutalihitaji mbele.

Mlango wa utumbo

Mtoto anapoharisha sana, utumbo humwaga maji pamoja na ayoni. Maji matupu hayarudi mwilini kwa wingi unaotakiwa, kwa sababu maji hufuata sodiamu inakokwenda. Sodiamu nayo ina mlango wake katika ukuta wa utumbo, mlango unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa zimeandamana. Hata kipindupindu hakiuharibu mlango huo. Hiyo ndiyo kazi ya sukari: haiko pale kwa ajili ya utamu, bali kuivusha sodiamu, nayo sodiamu ivute maji.

Mwanasayansi Robert Crane alieleza habari ya mlango huo mwaka 1960. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipougua kipindupindu katika kambi ya Bangaon nchini India, dripu hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na chumvi, glukosi na bikaboneti, na ndugu zao ndio waliosaidia kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4 kwa mia. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa hawakuwa waganga, bali akina mama na akina baba kama wewe.

Hesabu ya chembe

Mwanakemia haridhiki na uzito tu, anataka idadi ya chembe. Huzihesabu kwa fungu liitwalo moli, kama sisi tunavyohesabu mayai kwa trei. Trei ya mayai ya bata ni nzito kuliko ya mayai ya kuku, ingawa mayai ni idadi ile ile. Vivyo hivyo moli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 180, na ya chumvi gramu 58.5. Milimoli ni sehemu moja katika elfu ya moli.

Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa fomula iliyotangazwa na WHO na UNICEF mwaka 2002, ina glukosi gramu 13.5. Gawanya kwa 180 utapata milimoli 75. Sodiamu yake, ukijumlisha iliyo katika chumvi na katika sitrati, nayo ni milimoli 75. Idadi hizo kulingana si bahati. Wenzi wa kuvuka mlango wamewekwa sawasawa. Chembe zote kwa jumla ni milimoli 245 kwa lita, pungufu kidogo kuliko damu yenye 290 hivi. Maji hutoka penye chembe chache kwenda penye chembe nyingi, hivyo huelekea mwilini.

Ikiwa pakiti haipatikani, cha nyumbani ni hiki: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kiwe mfuto, yaani kisawazishwe kwa mgongo wa kisu, kisirundikwe. Kabla hujampa mtoto, onja mwenyewe. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya.

Sasa tazama kosa la kawaida. Mama ana chupa ya soda ya mililita 350, anatia vijiko vile vile sita na nusu ya chumvi, maana ndivyo alivyokariri. Nusu kijiko ni gramu 3 hivi. Ndani ya chupa hiyo ni sawa na gramu 8.6 kwa lita, yaani milimoli 146 za sodiamu, nyingi kuliko iliyomo katika damu yenyewe. Kumbuka chumvi huhesabiwa mara mbili. Ongeza na sukari, jumla inafika 500 hivi. Myeyusho huo hauingii mwilini, bali huyavuta maji kutoka mwilini kuja utumbo, na mtoto huharisha zaidi. Sodiamu ikizidi katika damu, huja degedege na kifo. Aliyetia pakiti ya lita moja katika chupa hiyo amefanya kosa lile lile. Zipo pia pakiti za nusu lita, kwa hiyo soma maandishi kwanza.

Kosa jingine ni kuyachemsha baada ya kuchanganya. Maji hutoka kama mvuke, chumvi hubaki, na ukolezi unapanda. Chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo upime na kuchanganya. Nayo soda ya kola ina sukari gramu 100 hivi kwa lita na sodiamu kidogo mno. Si dawa ya kuharisha, hata ikitolewa povu.

Asidi na besi

Kinyesi cha kuharisha huondoka na bikaboneti, ambayo ni besi. Besi ikipungua, asidi hutawala. Damu ya mtu mzima wa afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1, tarakimu yaonekana ndogo, kumbe ayoni za hidrojeni zimeongezeka mara mbili. Mwili hujitetea kwa kutoa kaboni dayoksaidi nje, kwa hiyo mtoto huhema upesi na kwa kina. Wazazi wengi hudhani ni nimonia tu. Sitrati ya pakiti hugeuzwa na ini kuwa bikaboneti, ndiyo maana pakiti hushinda maji ya nyumbani. Usijaribu kuziba pengo hilo kwa magadi. Utamwongezea sodiamu usiyoipima.

Maji ya nyumbani hayana pia potasiamu. Ndizi mbivu na maji ya dafu yanayo, ila dafu lina sodiamu kidogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS.

Kumnywesha

Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Maziwa ya mama yasikatishwe, na anayekula aendelee kula. Uliza zahanati juu ya vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita.

Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa na kurudi taratibu, mtoto akilegea, akihema kwa kasi, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akitoa damu katika choo, mpeleke hospitali mara moja. Kama anaweza kumeza, njiani aendelee kunyweshwa kwa kijiko.