SOMO LA MWEZI: MITUWELI NI NINI, NA NANI ALIPE?



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto na mama wajawazito, swali moja linarudi mara nyingi: "Hii mituweli ya Wanyarwanda inatuhusu nini sisi wakimbizi?" Wengine wanajijibu wenyewe: "Haituhusu, sisi tunatibiwa bure." Katika somo hili tutaona mituweli ni nini, ilianza vipi, watu wanabishana juu ya nini, na wewe ufanye nini.

1. TUANZE NA LIKELEMBA

Likelemba unaijua. Watu kumi wanatoa pesa kila mwezi, na kila mmoja anapata zamu yake. Mituweli pia ni mchango, lakini haina zamu. Pesa inakwenda kwa aliyeugua tu. Kwenye likelemba unangoja zamu yako kwa furaha. Kwenye mituweli unamwomba Mungu zamu yako isifike.

Hapo ndipo wengine wanakasirika: "Nimelipa mwaka mzima, sikuumwa hata kichwa, pesa yangu imekwenda wapi?" Imemtibu jirani. Mwaka ujao ya jirani inaweza kukutibu wewe.

Fanya hesabu ya mfano. Watu 100 wanatoa faranga 3,000 kila mmoja. Jumla ni faranga 300,000. Tuseme katika mwaka watu 10 wanaugua, na matibabu ya kila mmoja ni faranga 30,000. Pesa inatosha. Sasa tuseme wazima wamekataa kutoa, wamebaki wale 10 wagonjwa peke yao. Kila mmoja atalazimika kutoa faranga 30,000, na hapo hakuna mituweli tena. Kwa hiyo mituweli inasimama kwa miguu miwili: walipe wote, na walipe kabla ya ugonjwa.

2. ILIANZA VIPI

Baada ya mwaka 1994 matibabu katika Rwanda yalikuwa ya bure, yakilipiwa na misaada. Mwaka 1996 ada zilirudishwa. Watu hawakuwa na pesa, wakaanza kubaki nyumbani na magonjwa yao. Mwaka 1999 Serikali ikajaribu mituweli katika wilaya tatu za afya: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya watu hadi saba ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka. Ikaonekana kwamba wanachama walikwenda kutibiwa mara nyingi zaidi kuliko wasio wanachama. Si kwamba waliugua zaidi. Ni kwamba hawakuogopa mlango wa kituo cha afya.

Baadaye mpango ulienea nchi nzima. Sheria iliyotiwa saini mwishoni mwa mwaka 2007 ilimtaka kila mtu anayeishi Rwanda awe na bima ya afya. Wanachama, waliokuwa kama watu 7 katika kila 100 mwaka 2003, walifika kama 91 katika kila 100 mwaka 2010.

Ndugu Mkongomani, usidhani ni jambo la Wanyarwanda tu. Huko kwetu, Bwamanda katika Équateur ya wakati ule, hospitali ilianzisha bima ya namna hii mwaka 1986. Mwanachama aliyelazwa alilipa sehemu ndogo, mfuko ukalipa iliyobaki.

3. UBISHI UKO WAPI

Ubishi wa kwanza: maskini alipe nini? Mwanzoni tajiri na maskini walitoa sawa. Watu wakasema si haki. Kuanzia Julai 2011 mchango ukafuata hali ya familia: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila mtu, na wale maskini kabisa wakalipiwa. Lakini kukaja lalamiko jipya: nani anaamua kwamba mimi si maskini? Kuna familia zilizoandikwa katika kundi lisilo lao.

Ubishi wa pili: kulazimisha. Baba wa watoto sita aliyepangiwa faranga 3,000 alihitaji faranga 24,000 kwa nyumba nzima, yeye na mkewe wakiwemo. Kulipia watatu tu hakukumpa huduma, kwa sababu mituweli inaandikwa kwa nyumba. Wengine wanasema huu ni ugumu. Wengine wanajibu kwamba bila hivyo kila nyumba ingemlipia mgonjwa wake tu, na tungerudi kwenye ile hesabu ya watu 10.

Ubishi wa tatu: mchango wa wananchi peke yake hautoshi. Mfuko ulikuwa na madeni kwa hospitali, na mwaka 2015 ukahamishiwa RSSB, mamlaka ya hifadhi ya jamii. Mwaka 2020 ikaamuliwa kila mfanyakazi wa mshahara akatwe nusu faranga katika kila faranga 100 ili kusaidia mfuko huo. Basi mwenye mshahara wa Kigali anamsaidia mkulima wa viazi wa Busasamana. Wapo wanaonung'unika, lakini ndivyo mfuko ulivyopata nguvu.

4. NA MKIMBIZI JE?

Mwaka 2019 Serikali ya Rwanda na UNHCR walikubaliana kuwaingiza katika mituweli wakimbizi wanaoishi mijini pamoja na wanafunzi. Sisi wa kambini kwa miaka mingi tumekuwa na njia nyingine: kituo cha afya cha kambi bila kulipa, na UNHCR kulipia rufaa ya hospitali.

Hii ndiyo tunayoita "bure". Lakini hakuna dawa ya bure. Kuna dawa iliyolipwa na mwingine. Mwaka 2025 nchi zinazotoa misaada zilipunguza pesa nyingi, na UNHCR ikalazimika kupunguza kazi zake. Kwa hiyo ubishi wa mituweli umefika mlangoni kwetu pia. Wengine wanasema: tuingie, tuwe na haki moja na wenyeji, tusitegemee mfadhili wa mbali. Wengine wanasema: mtu asiye na kazi atatoa wapi mchango wa watoto sita? Wote wana sababu.

Mimi nilipokuwa ng'ambo ya mpaka nilimwona mama aliyejifungua akizuiliwa hospitalini siku nyingi baada ya kupona, kwa sababu mumewe hakuwa na pesa ya kumtoa. Kwa hiyo nasema hivi: alipe mkimbizi au alipe mfadhili, la muhimu ni malipo yafanyike kabla ya ugonjwa, nyumba nzima iingie, na asiye na kitu alipiwe. Mgonjwa asiulizwe pesa akiwa kwenye machela.

5. WEWE UFANYE NINI?

- Hakikisha kila mtu wa nyumba yako ameandikwa kwenye karatasi ya familia, hata mtoto mchanga. Asiyeandikwa ni vigumu kulipiwa na yeyote.
- Ukitaka kuhamia mjini, au mtoto akienda shule ya bweni, uliza kwanza kama majina yenu yako katika mituweli. Usisubiri kuugua.
- Mwaka wa mituweli unaanza tarehe 1 Julai. Mwenye mituweli anaanzia kituo cha afya, kisha anapewa karatasi ya rufaa, ile tunayoita transferi, kwenda hospitali kama ile ya Gisenyi. Ukiruka kituo bila kuwa na hatari ya ghafla, utalipa mwenyewe.
- Usimwazime mtu karatasi yako ya matibabu. Ugonjwa wake utaandikwa kwa jina lako, na siku moja utapewa dawa isiyo yako.
- Mtoto akiwa na homa, usibaki nyumbani kwa kuogopa malipo. Njoo, au umwite mjumbe wa afya wa mtaa wako.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini mtu mzima wa afya atoe mchango?
2. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye hawezi kulipa kabisa? Tungemjuaje bila kumwonea?
3. Tukiambiwa tuchangie, tungeweza kuanza kuweka kidogo kidogo, kama kwenye likelemba?

Jibu la swali la pili mlete kwenye mkutano wa mtaa. Wenyeji wetu walibishana juu yake miaka mingi, na sisi ni vizuri tuanze mapema.